Mtupa Jongoo na Mti Wake: Historia ya Msitu wa Bamburi Usiyoambiwa

Mtajie mtu yeyote wa Mombasa jina la Haller Park, awe wa Likoni, Changamwe au Kisauni kwenyewe, na atakutajia wanyama wawili kabla hujamaliza sentensi. Owen na Mzee. Owen ni yule kiboko mdogo aliyepotezana na wenzake upande wa Malindi wakati wa tsunami ya Disemba 2004, akaokolewa, akaletwa Bamburi. Alipofika tu akakimbilia kujificha nyuma ya Mzee, kobe mkubwa wa aina ya Aldabra, umri wake kama miaka 130 hivi. Kobe akamvumilia. Dunia nzima ikalia machozi. Vitabu vikaandikwa, wageni wakapanda ndege kuja kuona.

Mimi sina neno na Owen, nduzangu. Hadithi yake ni tamu. Lakini leo nataka kumtetea mnyama mwingine wa palepale, ambaye hakuandikiwa kitabu cha watoto na hakuna mgeni aliyelipa kiingilio kumuona. Bila yeye Owen asingepata hata kivuli cha kujificha.

Namzungumzia jongoo.

Najua. Wengine mshaanza kucheka, manake Pwani hii ukitaja jongoo kuna msemo fulani wa mtungi unaokuja kwanza. Tuuache huo. Ninaoutaka leo ni huu: mtupa jongoo hutupa na mti wake. Wazee waliutumia kwa mambo ya watu, kwamba ukikata uhusiano na jambo baya ulikate lote, usibaki umeshika kijiti. Ila pale Bamburi maneno haya ni kweli hivihivi yalivyo, bila fumbo. Ukimtupa jongoo, na mti umeutupa.

Tuanze mbali kidogo.

Jiwe lililokuwa hai

Chini ya Kisauni, chini ya Bamburi, chini ya Likoni mpaka Diani, kuna jiwe jeupe. Ukichimba choo unalikuta. Ukichimba kisima unalikuta. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimejengwa kwalo, na Wareno walipojenga Fort Jesus kuanzia 1593 walitumia hilohilo.

Jiwe hilo ni matumbawe. Zamani sana, kama miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na hapa unapokaa kulikuwa na mwamba hai chini ya maji. Vidudu laini vidogo viliishi pale, na ndani ya miili yao kulikuwa na mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumpa mwenye nyumba. Mwenye nyumba anampa mwani mahali pa kukaa na mabaki yake ya kula. Kila kidudu kikajijengea kikombe cha chokaa, kikafa, kingine kikajenga juu yake. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu.

Kwa hiyo ardhi yenyewe tunayokanyaga ilijengwa na viumbe wawili wanaosaidiana. Shikilia hilo, tutalirudia.

Shimo

Mwaka wa 1951 kampuni ya Bamburi Cement ilianzishwa, na kufikia 1954 kiwanda kilikuwa kinatoa simiti. Simiti inataka chokaa, na chokaa ndiyo hayo matumbawe. Wakachimba. Mwaka baada ya mwaka wakakata miti, wakaondoa udongo, wakachukua jiwe mpaka karibu na usawa wa maji ya chini.

Tusijifanye watakatifu hapa. Simiti ile ndiyo iliyojenga nchi. Inawezekana ukuta ulioegemea sasa hivi ukisoma haya ulitoka kwenye shimo lile. Lakini shimo ni shimo. Lililobaki lilikuwa uwanja mkubwa mweupe, hauna udongo hata kiganja, jua linapiga jiwe na jiwe linarudisha joto usoni. Maji ya chini yana chumvi. Hakuna nyasi, hakuna mdudu, hakuna ndege, manake ndege atakula nini?

Wako watu wanaosema mazingira yaachwe tu, yatajirudia yenyewe. Ni kweli kama una miaka elfu kadhaa ya kusubiri. Nenda kwenye lile timbo dogo la mawe ya kujengea lililoachwa karibu na kwenu, ukaone lilivyo mpaka leo. Limebaki shimo la maji ya mvua, takataka, na watoto wanaozama.

Miti 26

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ilimpa kazi hiyo Mswisi mmoja aliyekuwa mfanyakazi wake, René Haller, mtaalamu wa kilimo. Fikiria bosi anakuonyesha jangwa la mawe anakwambia hapa nataka kijani.

Haller alianza vile ungeanza wewe, kwa kujaribu. Walipanda aina 26 za miti moja kwa moja kwenye jiwe lililopondwa. Aina 23 zikafa au zikashindwa. Zikabaki tatu: mnazi, mti unaoitwa Conocarpus unaovumilia chumvi na ukame, na mvinje.

Mvinje unaujua. Ni ule mti mrefu wa ufukweni wenye majani membamba kama sindano, upepo ukipita unalia kama mtu anayepiga mluzi. Mvinje una siri yake. Kwenye mizizi yake kuna vinundu, na ndani ya vinundu mnaishi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Mti unawalisha bakteria sukari, bakteria wanaulisha mti naitrojeni. Ndiyo maana mvinje unaweza kusimama mahali ambapo mti mwingine unakufa njaa.

Ni mkataba uleule wa matumbawe na mwani. Wawili tofauti, kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana.

Mivinje ikakua kwa kasi, timbo likapata kivuli. Ungekuwa wewe ni mkuu wa mradi, hapo ungefanya nini? Ungeita waandishi wa habari, ungekata utepe, ungepiga picha na jembe ambalo halijawahi kugusa udongo. Mti umekua, kazi imeisha.

Haikuwa imeisha. Ilikuwa karibu kukwama.

Tatizo ambalo halionekani kwenye picha

Mvinje unaangusha sindano zake mwaka mzima. Sindano zile zimejaa tanini, dutu chungu inayozuia bakteria kuzila. Basi zikawa zinaanguka tu na kulundikana, zimekauka, hazitaki kuoza. Ukitazama juu unaona msitu. Ukitazama chini unaona zulia la majani makavu juu ya jiwe, na udongo bado hakuna.

Msitu wa namna hiyo ni duka ambalo bidhaa inaingia lakini haitoki. Chakula chote kimefungwa ndani ya majani yaliyokufa. Mti mwingine hauwezi kuota pale. Tena mvinje wenyewe unapenda jua, mbegu zake haziendelei vizuri chini ya kivuli cha mama yake. Maana yake ni kwamba mivinje ile ingezeeka, ingeanguka, na timbo lingerudi kuwa timbo.

Ndipo Haller akamuona jongoo akitafuna sindano zile.

Ni yule mweusi mwenye miguu myekundu, anayejikunja kama kishikio cha funguo ukimgusa. Kila mtoto wa Pwani amewahi kumchokoza kwa kijiti baada ya mvua. Jongoo hakujali tanini. Alikuwa anakula kile ambacho bakteria peke yao walishindwa nacho.

Kazi yake inakwenda hivi. Jongoo anatafuna sindano na kuisaga vipande vidogo sana. Tumboni mwake inachanganyika na vijidudu vinavyomsaidia kumeng'enya. Anachukua kidogo, kingi anakitoa nyuma kama vidonge vyeusi. Sasa vidonge vile bakteria na kuvu wanaviweza, manake jani limeshasagwa, limelowa, na ukali wake umepungua. Wanavimalizia. Kinachobaki ni mboji, ule udongo mweusi unaonukia mvua.

Wakakusanywa jongoo kwa mamia, wakaachiliwa chini ya mivinje. Hakuna mtambo ulioletwa. Hakuna udongo wa lori baada ya lori kutoka bara. Wanyama wadogo waliokuwa wanakanyagwa njiani na kila mtu walipewa kazi waliyokuwa wanaijua tangu zamani. Wakala, wakanya, wakazaana. Udongo ukaanza kuonekana juu ya jiwe.

Juu ya jiwe! Mimi chuo niliacha, mnajua, lakini hakuna somo lolote la baiolojia lililowahi kunishtua kama hilo.

Foleni

Udongo ulipopatikana, wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa zamu yake.

Miti mingine ikapandwa na ikashika. Mingine haikupandwa na mtu. Ndege walikula matunda huko nje, wakaja kupumzika kwenye mivinje, wakaangusha mbegu pamoja na mbolea yake. Mimea ya chini ikaleta wadudu, wadudu wakaleta ndege zaidi. Kwenye mashimo yaliyofika maji kukawa na mabwawa, na bwawa lililotulia Pwani hii lina maana moja: mbu. Wakaingizwa samaki, manake samaki wanakula viluwiluwi vya mbu. Ufugaji wa samaki ukakua, mamba nao wakafugwa. Viboko wakaja, na kiboko anakula nyasi usiku nchi kavu kisha anakwenda kunya majini, kwa hiyo anahamisha mbolea kutoka ardhini kwenda kwenye bwawa bila mshahara. Pofu na choroa wakaletwa. Twiga wakaja.

Mwaka wa 1984 lango likafunguliwa kwa watu. Mwaka wa 1987 Haller aliwekwa kwenye orodha ya heshima ya Global 500 ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Baadaye mahali penyewe pakapewa jina lake.

Halafu mwisho wa 2004 akafika Owen.

Unaona mpangilio ulivyo? Owen alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Kabla yake kuna bwawa, kabla ya bwawa kuna msitu, kabla ya msitu kuna udongo, kabla ya udongo kuna jongoo, kabla ya jongoo kuna mvinje, na ndani ya mvinje kuna bakteria asiyeonekana. Toa mmoja tu wa katikati na Owen hana pa kufikia.

Shuleni tulichorewa mshale: nyasi, swala, simba. Simba juu, mfalme, mambo yameisha. Mchoro ule si uongo, ila umeacha nusu ya habari. Simba akifa nani anamla? Jani likianguka linakwenda wapi? Hakuna aliyetuchorea mshale unaorudi chini, na maisha yote yanategemea ule mshale unaorudi chini. Bila anayekula mabaki hakuna udongo wa kuotesha nyasi, na bila nyasi huyo mfalme wako ni mzoga tu.

Jongoo wa Changamwe

Watu wa Changamwe na Mikindani msiseme hii ni habari ya Kisauni. Nyinyi pia mna jongoo wenu, ila ana miguu kumi na anatembea ubavu.

Mikoko inayozunguka mkondo wa Tudor na Port Reitz inaangusha majani kila siku kwenye tope. Majani yake nayo yana tanini na ni magumu. Anayeyashughulikia ni kaa. Anavuta jani mpaka shimoni kwake, analila, analisaga, anaacha mabaki kwa vijidudu. Na shimo lenyewe analochimba linaingiza hewa na maji kwenye tope ambalo bila hivyo lingeikaba mizizi. Mkoko unampa kaa chakula na kivuli, kaa anaupa mkoko pumzi. Samaki wadogo wanakulia hapo, na samaki wale ndio wanaoishia kwenye karai la mama karanga wa mtaani kwenu.

Mwaka wa 2005 meli ilimwaga mafuta bandarini Kilindini, yakaingia kwenye mikoko ya Port Reitz. Mafuta yakifunika tope, kaa anakufa pamoja na mizizi. Ukipanda mche mpya kwenye tope ambalo kaa wake wamekufa, umepanda mti mahali ambapo hakuna wa kuuhudumia.

Inawezekana kurudisha, lakini. Kule Gazi, Kwale, mikoko ilikatwa sana zamani, halafu watafiti wa KMFRI na wanakijiji wakaipanda upya. Walipofuatilia miaka iliyofuata hawakuhesabu miti tu. Walihesabu kaa pia. Kaa wakirudi, unajua msitu umekubali. Leo wanakijiji wana mradi wa Mikoko Pamoja unaowaingizia pesa za hewa ya kaboni, na pesa hizo zinasaidia maji na shule.

Kwa nini nawaambia haya sasa

Serikali imesema inataka miti bilioni 15 ipandwe kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata likizo ya kitaifa ya kupanda miti. Sina ubaya na hilo. Nilifurahi kuona vijana wa mtaani wameshika majembe badala ya kushikwa na polisi.

Lakini kila mara ninaona picha ileile. Watu wamevaa fulana mpya, mche mmoja unashikwa na mikono sita, nambari kubwa imeandikwa chini. Tumepanda elfu kumi. Tumepanda laki moja. Halafu kimya. Hakuna anayerudi na picha ya mwaka wa pili. Hakuna anayeonyesha chini ya mti kuna nini.

Bamburi inatufundisha kwamba kupanda ndiyo sehemu rahisi. Walipanda aina 26 na 23 zikashindwa, na hawakuficha. Iliyobaki nayo ilikuwa inaelekea kujikaba kwa majani yake yenyewe. Kilichookoa kazi si wingi wa miche. Ni mtu aliyeinama, akatazama chini, akauliza: haya majani yanaliwa na nani?

Na najua kuna atakayesema, kampuni ilichimba ikapata faida, sasa unaisifu kwa kufunika shimo lake mwenyewe? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba kufunika shimo ulilochimba ni deni, si hisani. Tena ndiyo sababu zaidi ya kuwadai wengine. Kama timbo kubwa vile liliweza kuwa msitu kwa teknolojia ya mvinje na jongoo, basi hao wanaochimba mawe na mchanga huku kwetu na kuacha mashimo wazi hawana kisingizio. Hawawezi kutuambia haiwezekani. Iko Bamburi, panda matatu ukaone.

Kwa hiyo mtu akija mtaani kwenu na miche na kamera, mpokee vizuri, ni mgeni. Mpe maji. Kisha muulize maswali matatu.

Moja, mti huu unapenda chumvi, jua na udongo wa hapa, au umeletwa kwa sababu ulikuwa bei rahisi?

Mbili, majani yake yakianguka yataliwa na nani? Kuna jongoo, kuna kaa, kuna mchwa, au tutayafagia na kuyachoma moto kila Jumamosi?

Tatu, nani atarudi hapa mwaka ujao kutazama?

Na wewe mwenyewe una kazi pia. Kama una mti uani, acha kuchoma majani yake. Yarundike kwenye shina. Mvua ikinyesha utamuona amekuja mwenyewe, mweusi, miguu myekundu, hana haraka. Usimchokoze na kijiti. Usimmwagie chumvi. Muache afanye kazi yake.

Niambieni, mtaa wenu kuna timbo lililoachwa wazi? Liko wapi, na ndani yake kuna nini sasa? Nataka tuyaorodheshe, Likoni mpaka Kisauni.